Alichokisema Mtani Kaburini

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi kuliko kingine chochote cha maisha yangu. Nimekisimulia kwenye malori nilipokuwa utingo, kutoka Segera mpaka Tunduma. Nimekisimulia kwenye mabenchi ya kahawa Singida, kwenye foleni za mizani, na mara moja kwenye harusi huko Makambako ambako sikumjua bwana harusi wala bibi harusi. Kila mahali watu walicheka. Mtu anayezunguka kama mimi hujifunza mapema kwamba mgeni anayechekesha husogezewa kiti upesi, na kisa hiki kimenipatia viti vingi.

Kilikuwa hivi. Baba yangu, Mzigua wa Handeni, alifanya kazi kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe. Kazi yake ilikuwa kwenye matoroli, yale mabehewa madogo ya wazi yaliyobeba mizigo ya majani ya mkonge juu ya reli nyembamba, kutoka shambani mpaka kwenye korona, mashine ya kusaga majani na kutoa singa. Kila toroli lilikuwa na watu wawili. Mwenzake baba alikuwa Mnyamwezi, mtoto wa manamba, kibarua wa mkataba aliyetoka Tabora enzi za wakoloni, akazaliwa na kukulia palepale kambini. Wazigua na Wanyamwezi ni watani, kwa hiyo wale wawili walitukanana kutwa kazini na jioni wakala sahani moja. Nilipokuwa na miaka kumi toroli lao lilimgonga baba kwenye mteremko mkali, akafa. Mvua ilikuwa imenyesha, reli zilikuwa zinateleza, kabari iliyozuia gurudumu ikachomoka. Msimamizi aliandika hivyo na sisi tulielezwa hivyo.

Tulimzika kijijini kwao, Handeni. Shamba lilitoa lori, na watani wakaja nalo. Asiyejua utani huenda akashangaa, lakini kwetu mtani ana kazi yake msibani. Wafiwa wanalia, yeye anacheka. Anavaa koti la marehemu na kutembea kama yeye, anazuia jeneza lisipite, anatoa siri za uongo, anamwita mjane mke wake. Mtu mwingine akisema hayo atapigwa. Mtani hapigwi, wala hanuniwi, na alichokisema siku ile kinaishia palepale.

Basi yule Mnyamwezi, kabla baba hajateremshwa, aliruka ndani ya kaburi. Akalala chali. Akasema hatoki. Akasema, "Huyu nimemuua mimi. Kabari niliitoa mimi. Nizikeni mimi." Watu walicheka mpaka wazee wakashikilia fimbo zao kwa mikono miwili. Mimi nikaanza kupiga kelele kwamba akamatwe, mama mwite polisi, amesema mwenyewe. Hapo wakanicheka na mimi. Mwishowe mama akatoa jogoo wa kumlipa atoke, mtani akapanda juu na jogoo wake kwapani, na mazishi yakaendelea.

Nilimalizia kila mara kwa kueleza jinsi nilivyomchukia mzee wa watu miaka minne, nikamtupia mawe mara mbili alipokuja kwa mama, mpaka nilipoingia sekondari nikaelewa utani ni nini na kuona aibu. Hapo ndipo wasikilizaji walipocheka zaidi. Mtoto wa Kizigua asiyejua utani.

Mwaka jana, masika yalipokwisha, nilikuwa naelekea Mombo kupanda gari la Lushoto, nikafuate mzigo wa mboga. Nilikuwa nimesikia kwamba yule mzee anaishi Makuyuni kwa binti yake na kwamba miguu yake haitembei tena. Sikuwa na haraka kubwa. Nikashuka njiani, nikanunua sukari na mikate, nikaulizia nyumba.

Nilimkuta barazani, amekaa kwenye kitanda cha kamba, miguu imefunikwa shuka. Binti yake, mwanamke mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, alikuwa anachambua mchicha karibu naye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mzigua gani huyu mwenye tumbo? Tunaowajua sisi hukondeana."

"Ni wa wale waliokula mizigo yenu enzi za upagazi, mlipoitua mpumzike."

Alicheka akakohoa. Binti akasema, "Baba, leo umepata wa kukujibu." Akanipa kigoda, akaenda kuweka chai.

Tuliongea juu ya miguu yake, juu ya mama yangu, juu ya barabara ya Handeni ambayo sasa ni lami. Kisha akaniambia, "Nasikia unanisimulia huko duniani."

"Nani amekwambia?"

"Dereva mmoja alisimama hapo barabarani, tairi lake limepasuka. Akakaa hapo ulipokaa wewe akisubiri fundi. Akaniambia, mzee, nikupe kisa cha mazishi nilichokipata Mombo. Akanisimulia. Hakujua kama mwenye kisa ndiye anayemsikiliza." Akavuta shuka magotini. "Hebu nisimulie na wewe. Nataka kusikia kwa mwenyewe."

Nilifurahi, nisiseme uongo. Nikavuta kigoda, nikaanza kama ninavyoanza siku zote, na mvua.

"Mvua haikunyesha," akasema.

"Ilinyesha, mzee. Reli zilikuwa zinateleza."

"Haikunyesha. Endelea."

Nikaendelea, lakini jambo lile lilinisumbua. Mvua ile naikumbuka. Naikumbuka ikigonga bati la nyumba yetu kambini, na mama akisogeza sufuria chini ya tundu. Nikasema moyoni kwamba uzee umempitia. Nikafika kaburini, nikaiga sauti yake, nikaonyesha wazee na fimbo zao, nikaonyesha mimi mwenyewe napiga kelele. Binti yake alikuwa amerudi na vikombe, akacheka mpaka akaweka sinia chini. Alikijua kisa. Alisema watoto wake nao wanakijua, huwa wanamwigiza babu yao akilala chali.

Nilikuwa bado nacheka mzee aliposema, "Haukuwa utani."

Nilidhani ni utani mwingine juu ya ule. Nikasubiri mwisho wake.

"Kabari niliitoa mimi," akasema. "Baba yako alikuwa mbele ya toroli, ameinama, anakaza kamba ya mzigo. Wenzetu walikuwa wameshaanza kushuka. Anayefika korona kwanza anapimiwa mzigo kwanza na kurudi nyumbani mapema. Nikaona wanatuacha. Nikaitoa kabari kabla hajaniambia tayari. Basi."

Binti akasema, "Baba, acha."

"Siachi."

Nilikuwa na kikombe mkononi. Nakumbuka niliangalia chai kwa makini, kana kwamba ndiyo iliyosema. Mashavu yangu yalikuwa bado yamekaa kwa kicheko na sikujua namna ya kuyashusha. Mtu anaweza kupata habari mbaya akiwa amekaa, akiwa amesimama, akiwa usingizini. Kuipata ukiwa katikati ya kicheko ulichokitengeneza mwenyewe, sikujua kwamba inawezekana.

Nikamuuliza swali la kijinga. "Sasa kwa nini ulisema ndani ya kaburi?"

"Sikupanga. Niliruka nikijua nitakachosema. Nilitaka kusema Mzigua huyu amekimbia zamu yake. Ndivyo nilivyojiandaa njiani kwenye lori. Nilipolala mle chini nikaangalia juu, nikaona nyuso zenu zimezunguka mbingu, mdomo ukasema lile lingine. Mkacheka. Nikarudia. Mkacheka zaidi. Nikarudia tena, nikawa nawaangalia mmoja mmoja, nikisema moyoni atatokea mmoja aseme, hebu ngojeni kwanza. Hakutokea. Uliyelia ni wewe. Nikaona huyu mtoto amenisikia. Nikamshukuru Mungu. Halafu wakakuziba mdomo kwa kukucheka."

"Ungesema baadaye. Ungekwenda kwa msimamizi."

"Msimamizi alishaandika mvua. Aliniuliza mbele ya watu, mvua, siyo? Nikasema ndiyo. Nilikuwa na mtoto wa wiki tatu." Alielekeza kidevu kwa binti yake, aliyesimama mlangoni amejishika mikono. "Baada ya mazishi nilimwendea mama yako. Nikaanza hivi: mke wangu, nina neno. Akacheka. Mwaka uliofuata nikaanza tena, akacheka. Siku hizi nampigia simu. Kila nikifika kwenye kabari anasema, Mnyamwezi wewe hujachoka tu. Sasa nifanye nini? Nimeshakuwa mtani wake. Neno langu lolote linafika kwake likiwa limeshageuka."

Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi.

"Mwambie wewe. Wewe si mtani wake, wewe ni mwanawe. Nataka aniamini kabla mmoja wetu hajafukiwa. Asiponisamehe ni haki yake. Lakini aniamini."

Mboga za Lushoto sikuzifuata. Nilirudi Korogwe, na badala ya kupanda gari la Handeni nikachukua bodaboda mpaka kwenye sehemu ile ya shamba ambako matoroli yalikuwa yanashuka. Sijui nilitafuta nini. Nadhani nilitaka kuona mahali penyewe, kwa kuwa mahali hapana mdomo wa kunidanganya.

Mkonge haupo tena pale. Watu wamelima mahindi. Nilimkuta mwanamume mmoja anapalilia, nikamwuliza reli ilipita wapi.

"Reli gani?"

"Ya matoroli ya mkonge."

"Hapa hapajawahi kuwa na reli, kaka. Nalima hapa miaka kumi na miwili."

"Ilikuwepo. Baba yangu aligongwa hapa."

Aliangalia chini, akasogeza jembe lake pembeni kama mtu aliyekanyaga mkeka wa wenyewe. "Pole," akasema. "Basi labda ni pale chini."

Nikaenda pale chini. Kilichonishtua kuliko reli kutokuwepo ni mteremko. Kichwani mwangu ulikuwa mteremko kama wa kupandia mlima wa Lutindi, wa kumtoa mtu jasho. Niliouona mbele yangu, mtoto mwenye baiskeli angelazimika kukanyaga pedali ili aushuke. Nilikaa pale muda mrefu, nikiupanda na kuushuka, nikihesabu hatua bila sababu. Je, toroli lililojaa linaweza kuua mtu kwenye mteremko kama huu? Linaweza, kwa sababu liliua. Lakini mimi nilikuwa nimeishi na mlima. Nani aliuweka mlima ule? Hakuna aliyenidanganya kuhusu mteremko. Nilijijengea mwenyewe, kidogo kidogo, kila niliposimulia, na labda mvua nayo niliitoa kwenye karatasi ya msimamizi nikaisikia kwenye bati.

Hapo niliketi kwenye tuta na kujaribu kufikiri kama mtu aliyesoma. Miaka yangu ya kuzunguka imenikutanisha na watu wengi wanaopenda kusema kwamba kila mtu ana ukweli wake. Mimi mwenyewe nimelisema sana, hasa wakati wa kuamua ugomvi wa wengine, kwa kuwa linamaliza mazungumzo bila kumkera mtu. Siku ile halikutamkika. Kabari ama ilitolewa na mkono wa mtu ama ilichomoka yenyewe. Mojawapo lilitokea, mara moja, asubuhi moja, na haliwezi kubadilika hata tukifa wote. Hilo halikungoja maoni yangu. Lakini vingine vyote vilivyolizunguka vilikuwa vimefanywa na watu: mvua ya msimamizi, kicheko cha waombolezaji, mlima wangu, kisa changu cha kuombea viti. Maneno ya mzee yalitamkwa wazi, kwa Kiswahili, mbele ya kijiji kizima. Hayakufichwa. Desturi iliyafunika sisi tukiwa tumesimama macho wazi. Kati ya watu wote wale aliyesikia sawasawa ni mtoto ambaye bado hajafundishwa namna ya kusikia. Kwa miaka minne niliujua ukweli wa kifo cha baba, kisha nikasoma, nikaelimika, nikaupoteza.

Nilimkuta mama uani kwake Handeni, anapukuchua mahindi kwenye ungo. Baada ya msiba alirudi kwa ndugu zake na hajawahi kuondoka tena. Nilimwamkia, nikakaa, nikachukua gunzi na mimi. Nikamwambia nimetoka kwa Mnyamwezi wake.

Uso ukamfunguka. "Mume wangu hajambo? Bado anatembelea makalio?"

"Mama, ameniambia jambo."

Nikamweleza yote, kwa mpangilio, bila kupamba. Nilimwacha mzee na maneno yake machache: kwamba aliitoa kabari, kwamba baba alikuwa ameinama anakaza kamba, kwamba alitaka kuwahi. Sikumweleza alivyonieleza habari ya kaburi. Nilidhani haina haja, yeye alikuwepo.

Mikono yake haikusimama. Punje zilikuwa zinaanguka kwenye ungo vilevile.

"Ulikuwa utani," akasema.

"Yeye anasema haukuwa."

"Anasema leo. Siku ile ulikuwa utani. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu."

"Maneno ni yaleyale, mama."

"Ndiyo, maneno ni yaleyale, na yalikuwa utani. Mimi nilicheka. Nina maiti ya mume wangu hapo pembeni na nilicheka, na kicheko kile ndicho kilichoniwezesha kusimama mpaka wakamaliza kufukia. Sasa unataka kuniambia sikucheka?"

"Sijasema hukucheka."

"Basi nilikuwa nacheka nini?"

Nikaendelea kupukuchua. Alichukua gunzi lingine.

"Miaka yote hii," akasema, "hakuna mwanamume mwingine aliyenichekesha. Kaka zangu wananihurumia. Majirani wananihurumia. Yule ananipigia simu ananiita mke wangu, kizee wangu, umeshapika au unalala njaa kama kawaida ya Wazigua. Nikikata simu naona siku imekuwa fupi. Ukija hapa na kuniambia yule ndiye aliyenifanya mjane, unaniachia nini cha kucheka?"

"Ameniomba nikwambie. Anataka umwamini."

"Amezeeka. Utani umemwingia kichwani, hajui tena unapoishia." Akanyanyua ungo, akapeta, upepo ukachukua makapi. "Na mvua ilinyesha. Nguo zangu zilikuwa kwenye kamba."

Tukaacha hapo. Alinipikia bada la muhogo na mboga ya mnavu, tukala, tukaongea juu ya machungwa ya mwaka huu na mchwa waliokula mlango wa choo. Nilijiona nimetimiza nilichotumwa na nikashindwa. Nikasema kesho nitaendelea na safari zangu.

Asubuhi nilimkuta amekwisha kuoga, amevaa kanga mpya jozi na viatu vya kutokea. Ameketi kwenye kiti cha baraza na mkoba magotini.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Makuyuni. Utanipeleka."

Nikasimama na mswaki mdomoni.

"Nimekumbuka kitu," akasema. "Mtani harudii neno. Umeona wangapi wewe? Anakutukana hili, watu wakicheka anaruka kwenye lingine, maana likirudiwa linapoa na watu wanachoka. Mnyamwezi yule alikuwa hodari kuliko wote kambini. Aliweza kuzuia jeneza nusu saa na asirudie hata moja. Siku ile alisema lilelile mara tatu. Mimi nilisikia mara tatu. Nikajiambia, leo huzuni imemmaliza ufundi." Alifunga mkoba, akaufungua, akaufunga tena. "Nilijiambia hivyo, nikatoa jogoo ili atoke haraka asiendelee kujiaibisha."

Sikuwa nimemwambia habari ya mara tatu.  Mzee alikuwa amenieleza jambo lilelile akiwa amekaa kwenye kitanda chake katika wilaya nyingine, na mama alikuwa amekaa nalo miaka yote hii bila kulipa jina. Alilisikia siku ileile. Sikio lake lilimpa kitu sahihi, naye akakiweka mahali ambapo hakitamdhuru.

 Tulibadilisha gari Korogwe. Walipopita wachuuzi wa machungwa dirishani hakuwatazama, na yeye ni mtu wa kubishana bei hata ya kitu asichokitaka.

Binti wa mzee alituona kutoka barabarani, akaja kumpokea mama mkoba. Alimwamkia kwa kupiga goti kidogo, na nikaona macho yake yamevimba. Tangu nilipoondoka alikuwa akiwakataza wanawe kumwigiza babu yao na hakuweza kuwaambia kwa nini. Aliniambia hivyo pembeni, kwa sauti ndogo. "Kaka, hata mimi nilikuwa nakisimulia. Shuleni, kisimani. Nilikuwa najivunia baba yangu anavyojua kuchekesha."

Mzee alipomwona mama alijaribu kukaa vizuri. Kwa mazoea ya miaka yote mdomo wake ukaanza wenyewe: "Kumbe kizee cha Kizigua kinaweza kupanda gari bila kufungwa kamba."

 Mama aliketi kwenye kigoda nilichokalia mimi siku ile, akaweka mikono magotini.

"Leo sema," akamwambia. "Sitacheka."

Nilidhani atasema upesi, kwa jinsi alivyokuwa amelisubiri. Haikuwa hivyo. Alivuta shuka magotini, akalinyoosha, akalivuta tena, mpaka nikamwangalia binti yake. Labda alikuwa amezoea ukuta ule wa kicheko kiasi kwamba ulipoondolewa hakuwa na cha kuegemea. Halafu akalisema, polepole, kama mtu anayerudia maneno anayosomewa na mwingine: baba ameinama, kamba, wenzetu wanashuka, kabari.

Mama akamwuliza jambo moja tu. "Alijua umeitoa?"

Hapa mzee angeweza kumpa chochote. Angesema marehemu alicheka, angesema marehemu ndiye aliyemwambia toa twende. Hakukuwa na mtu duniani wa kumpinga, na mama angepokea kwa mikono miwili. Nilimwona akilifikiria. Namwapia msomaji kwamba nililiona wazo lile likipita usoni mwake.

"Hapana," akasema. "Alikuwa amenipa mgongo. Aliniamini."

Mama akatikisa kichwa kukubali, mara kadhaa, taratibu. Hakulia. Mimi ndiye niliyelazimika kutazama barabarani.

"Nimekuamini," akasema.

Mzee akafunika uso kwa shuka. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na kwa muda mfupi hakuna aliyejua kama analia au anacheka, mpaka sauti ilipotoka.

"La kusamehe sijui bado," mama akaendelea. "Nimekuja kwa hili la kwanza. Hilo lingine nitalitazama nikifika nyumbani."

Binti yake akaleta chakula, wali na maharage, akanawisha mama kwanza, kisha baba yake, kisha mimi. Mzee alikuwa ameshafuta uso. Akanyoosha mkono kuonyesha sinia kama mwenye nyumba.

"Karibu, mke w..." akaanza.

Tulisubiri sote. Nilimwona mama naye akisubiri, mkono wake umesimama juu ya sinia, na kwa namna fulani nilijua kwamba kama mzee angemalizia neno lile pengine angelikubali. Yeye hakulimalizia. Alikuwa anatafuta neno lingine la kumwita mwanamke huyu na hakulipata, kwa sababu katika miaka yote ile hawakuwahi kuwa na lingine.

"Karibu, mama," akasema mwishowe, kama anavyokaribishwa mgeni yeyote.

"Asante, baba," mama akajibu.

Tukala. Mama alisifia maharage kwa binti wa mzee. Hakuna aliyemtania mwenzake mpaka mwisho wa sinia, na saa nane tukasimama barabarani kusubiri gari.